Jina Ambalo Esteri Hakulitaja

Kuna watu wakifikishwa mahakamani hujitetea mpaka koo linakauka. Esteri yeye alifungwa kwa sababu ya kunyamaza, tena alinyamazia neno moja tu, na neno lenyewe ni jina la baba mkwe wake. Mimi si mkwe wa mzee huyo, kwa hiyo nakutajia bila wasiwasi: anaitwa Niyibizi, anaishi kilimani upande wa Kakonko, na miguu yake bado ina nguvu kuliko ya vijana wengi ninaowajua. Esteri hajawahi kulitamka jina hilo tangu siku alipoolewa. Kwao mke hamtaji baba wa mumewe. Atamwita mzee, atamwita babu wa watoto, atamwita yule wa kilimani, lakini jina halipiti mdomoni hata nyumba ikiungua na mzee yumo ndani. Likilazimu litajwe, humwomba mtu mwingine amtajie. Ukitaka kucheka cheka, ila kila ukoo una heshima yake, na hata kwenu yapo ambayo wengine wakiyasikia wanashika tumbo.

Haya yalianza mwaka 2009. Esteri na mumewe Kipriani walikuwa wakiishi Nyarukingo, mwendo wa nusu siku kutoka kwa mzee. Esteri alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika kituo cha afya cha masista, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Alichemsha maji, alibadilisha mashuka, alimshika mkono mzazi anayelia na kumsuta kidogo akizidisha kelele. Wanawake walikuwa wakifika mlangoni na uchungu wao, swali la kwanza ni kama Esteri yupo. Akiambiwa mtu kwamba Esteri yuko likizo, uchungu unaongezeka.

Basi alipojifungua mtoto wake wa pili, baba mkwe akampa ndama jike, amkuze, wajukuu waje wanywe maziwa. Kipriani alikuwa mbali, Urambo, kwenye mashamba ya tumbaku. Esteri akaenda mwenyewe kumchukua ndama wake, mtoto mgongoni, kamba mkononi, akashika njia ya kurudi Nyarukingo huku akiimba. Mzee naye kesho yake akafunga nyumba, akavuka kwenda Burundi kwenye msiba wa dada yake, na huko huko akaugua, akakaa miezi.

Njiani, katika kijiji ambamo Esteri hakumjua mtu, akakutana na kundi la wanaume wenye hasira. Mmoja wao, Evaristi, alikuwa amepotelewa na ndama mwenye alama nyeupe usoni. Ndama wa Esteri naye alikuwa na alama nyeupe usoni. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Huyu wa Esteri alikuwa jike, lakini balaa lilimfuata vilevile. Wakamzunguka, wakamwita mwizi, wakampeleka kwa mtendaji wa kijiji, na kutoka hapo akajikuta ndani ya mahakama ya mwanzo, anashitakiwa kwa kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi.

Hakimu, mgeni wa mkoa ule, akamwuliza ndama kampata wapi. Esteri akajibu kwamba kapewa na baba mkwe wake. Anaitwa nani? Kimya. Akaulizwa tena. Akataja kilima, akataja jina la mumewe, akasema mzee ni mrefu na ana kovu shavuni. Hakimu akamwambia kwamba hakuuliza sura, ameuliza jina, na kama mkwe huyo ana mwili basi ana jina pia. Esteri akageuka kutafuta ukumbini mtu wa kumtajia. Hapakuwa na hata mmoja aliyemjua mzee. Mgambo akatumwa kilimani, akarudi kusema nyumba imefungwa na hakuna mtu, wala hakujisumbua kuuliza kwa majirani ni nyumba ya nani.

Walikuwapo wazee wa baraza wawili, wale raia wanaokaa na hakimu na kupiga naye kura. Mmoja alikuwa Muha wa pale pale, anayezijua mila hizo. Akawaeleza wenzake kwamba mwanamke huyu hafichi kitu, anamstahi mkwewe, wamngojee tu mumewe. Wa pili alikuwa mstaafu aliyehamia kutoka mjini, akasema mtu anayezama hachagui gogo la kushika. Anayekubali kufungwa kwa ajili ya jina basi jina hilo halipo. Hakimu akaungana naye. Wawili wakamshinda mmoja, Esteri akapewa miezi sita, akaingia gerezani na mtoto wake wa kunyonya. Ndama akapewa Evaristi.

Kipriani alipopata habari akarudi mbio, lakini mwezi wa kukata rufaa ulikuwa umekwisha, na akaambiwa kesi imefungwa. Mzee naye aliporudi kutoka Burundi akiwa amekonda kama ufito, akaenda kupiga kelele pale mahakamani kwamba ndama alikuwa wake. Wakamwonyesha mlango. Esteri alipotoka, masista walikuwa wamempa mtu mwingine kazi yake, kwa maana kanuni ya kituo ilikuwa moja: wodini wazazi huacha vitenge na mikoba yao, na mwenye hatia ya wizi hafanyi kazi mle. Akarudi jembeni. Sokoni watu wakawa wakimwona wanavuta vikapu karibu na miguu yao. Hilo ndilo lililomuuma kuliko hata jela, nami simlaumu, maana jela ina siku ya kutoka.

Mwaka 2012 masista wakaanza kujenga wodi mpya. Mkuu wa kituo, Sista Claudine, binti wa wakimbizi wa zamani waliokwisha kuwa raia, akamwita Esteri ofisini. Akamwambia kwamba wazazi bado wanamwulizia, na kwamba yeye binafsi haamini kisa cha ndama. Lakini bodi haitasikia imani ya sista. Hatia ikifutwa na mahakama, nafasi ni yake. Isipofutwa, atatafutwa mwingine wodi itakapofunguliwa rasmi. Kisha akamwandikia jina la wakili mmoja wa Kasulu.

Wakili huyo alikuwa Asmahani, binti wa Mzee Mansuri mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la baba yake, ukiingia unapita kwanza katikati ya mabati na misumari. Alikuwa amesomea Dar es Salaam, mama yake mtu wa Tanga, na maneno yalimtoka laini na haraka. Esteri na Kipriani wakakaa mbele yake. Habari ya malipo walielewana wenyewe, mimi hayanihusu.

Asmahani akasikiliza kisa chote bila kukatiza, kisha akashika kalamu na kumwuliza Esteri jina la baba mkwe. Esteri akamtazama Kipriani. Kipriani akalitaja. Asmahani akaeleza kwamba hilo halitoshi, kwa sababu mwombaji ndiye atakayeapa, na siku ya kusikilizwa ndiye atakayeulizwa kwa mdomo wake. Esteri akatikisa kichwa. Wakili akamsogezea karatasi, akasema basi aandike tu. Esteri, ambaye alisoma mpaka darasa la saba na mwandiko wake ni mzuri, akairudisha karatasi polepole na kusema kwamba kuandika nako ni kutaja, tofauti ni kwamba unatumia mkono.

Asmahani akacheka, kisha akaona wenzake hawacheki, akaacha. Akamwambia, "Dada Esteri, mimi nakuamini. Lakini nakuomba uwe tayari. Hakimu akikuuliza siku hiyo na wewe ukanyamaza tena, sijui nitamweleza nini."

Walipofika nyumbani, Kipriani akampelekea baba yake habari. Mzee hakufikiri hata dakika. Akasema mambo ya zamani yana mahali pake, na kama jina lake limemfunga mtoto wa watu, basi litumike kumfungua. Esteri alitaje, tena kwa sauti, yeye amemruhusu. Akatuma na kuku jike, ruhusa isiende mikono mitupu. Esteri akampokea kuku, akamshukuru aliyemleta, akamtia bandani. "Ruhusa ni yake," akamwambia mumewe, "lakini mdomo ni wangu." Kipriani akatoka nje kwenda kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Alimpenda mkewe, ila siku hiyo alimchosha.

Mwaka 2013 wote ukaenda katika kuomba mahakama ya wilaya, Kibondo, ipokee rufaa iliyochelewa. Safari za basi, kesi kuahirishwa, karani kuumwa, hakimu kuhamishwa, hayo yote uliyokwisha kuyasikia kwa wengine. Asmahani hakukosa hata mara moja. Alikuja kutoka Kasulu na mkoba wake, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na akifika hujifuta, huvaa joho, husimama kana kwamba alilala mlango wa pili. Hoja yake ilikuwa kwamba mshtakiwa alikuwa gerezani na mtoto mchanga muda wote wa kukata rufaa, na shahidi wake wa pekee alikuwa nchi nyingine kitandani. Mahakama ikakubali. Siku hiyo Esteri alinunua soda, akampa wakili, akakaa pembeni kumtazama akinywa.

Rufaa yenyewe ikasikilizwa mwaka 2014. Hakimu safari hii alikuwa mama wa makamo, mtulivu, mwenye miwani ambayo aliivua kila alipotaka kusema neno zito. Aliamua kupokea ushahidi wa nyongeza, kwa hiyo mzee Niyibizi akapanda kizimbani akiwa amevaa kofia, akaambiwa aivue, akaivua, akaapa. Akasema alimpa mkaza mwanawe ndama jike aliyezaliwa na ng'ombe wake mwenyewe. Evaristi naye akaitwa. Si mtu mbaya Evaristi; aliamini alichokiamini. Asmahani akamwuliza kama ndama wa alama nyeupe usoni ni wa kwake peke yake katika wilaya nzima. Evaristi akafikiri, akakiri kwamba hata jirani yake anao wawili.

Hapo ikaonekana mambo yanakwenda vizuri, na Kipriani akaanza kutabasamu mapema. Lakini hakimu akavua miwani. Akasema kwamba ni rahisi sana baba mkwe kuja baada ya miaka mitano na kudai alitoa ndama. Na hii habari ya kutotaja jina, ameisikia kwa wakili, hajaisikia kwa mwenyewe. Atajuaje kwamba haikushonwa juzi kwa ajili ya rufaa? Akaagiza Esteri apande kizimbani.

Esteri akapanda. Wodi mpya ilikuwa ifunguliwe kabla ya mwezi kuisha. Sista Claudine alikuwa amekwisha kumwambia kwamba bodi haitangoja tena. Chini pale Asmahani alikuwa anamtazama kwa macho ya kumsihi, na nyuma, karibu na dirisha, mzee alikuwa amekaa, kofia magotini, anamwashiria kwa kichwa kumwambia sema, sema mwanangu.

Hakimu akamwuliza nani alimpa ndama. Esteri akajibu kwamba ni baba mkwe wake.

"Mtaje kwa jina."

Kimya. Jina lilikuwa pale pale mdomoni, fupi, halina hata mzigo. Lingetoka kwa pumzi moja. Kisha akanyanyua kidevu kuelekea dirishani, maana hata kidole hamwonyeshi mkwewe, na kusema ni yule mwenye kofia magotini. Jina lake aulizwe mwenyewe, au aulizwe mtu mwingine yeyote humu ndani.

Hakimu akaandika kitu. Halafu akasema taratibu kwamba anayo mamlaka ya kuitupa rufaa hii, na kwamba mrufani anajua hivyo. "Nikikuambia kwamba usipomtaja naitupa leo hii, utasemaje?"

Esteri akalia. Hakulia kwa hofu, alilia kwa hasira, zile za miaka mitano zilizokosa mahali pa kwenda. Lakini sauti ilitoka imenyooka.

"Nitasema itupe, mheshimiwa. Nilikaa gerezani miezi sita namnyonyesha mtoto sakafuni, na neno moja lingenitoa. Sikulisema. Leo nilitamke kwa ajili ya kazi? Basi ile jela nilikwenda kufanya nini?"

Asmahani, ambaye alikuwa amesimama kuomba neno, akakaa chini bila kuliomba. Baadaye alisema kwamba aliandaa hoja usiku kucha, na mteja wake akazimaliza zote kwa maneno yasiyojaza kiganja. Hakimu akavaa miwani, akampa Esteri ruhusa ya kushuka, akapanga siku ya hukumu.

Siku hiyo ilipofika, hukumu ilisomwa asubuhi. Hakimu alisema kwamba alimjaribu mrufani kwa makusudi. Kama hadithi ya mila ingekuwa ya kushonwa, kutaja jina kungekuwa jambo jepesi kuliko yote, kwa kuwa kila mtu chumbani alikuwa tayari analijua na wakili wake mwenyewe alitaka litajwe. Mtu hawi tayari kupoteza kesi kwa ajili ya uongo ambao haumsaidii tena. Akasema yule mzee wa baraza aliyeshindwa kwa kura ndiye aliyekuwa sahihi, na kwamba mahakama ya chini ilichukua ukimya ikaufanya ushahidi wa wizi. Hatia ikatenguliwa, adhabu ikafutwa, polisi wakaagizwa kurekebisha kumbukumbu zao, na thamani ya ndama irudishwe kwa mwenyewe. Katika kusoma, hakimu akalitaja jina la mzee mara kadhaa, na kila mara Esteri aliinamisha kichwa. Mwisho hakimu mwenyewe akaona, akawa anasema "baba mkwe wa mrufani".

Walipotoka nje, Kipriani akamkumbatia mkewe mbele za watu, jambo ambalo halifanyiki, akalifanya. Asmahani akamshika Esteri mikono yote miwili na kushindwa kusema, yeye na ulimi wake wote ule wa Tanga. Esteri akamwambia, "Mungu akuweke, mama wakili. Uliniamini kabla sijakupa cha kuamini." Wakalia wote wawili, wakacheka, wakalia tena.

Mzee yeye alikuwa na mpango wake. Hakurudi kilimani. Alipanda basi pamoja nao mpaka Nyarukingo, wakashuka sokoni, siku ya gulio, watu tele. Esteri alitaka wapite njia ya pembeni kama alivyozoea. Mzee akasema hapana. Akavaa kofia yake, akatangulia katikati ya barabara, na kila baada ya vibanda viwili vitatu akasimama na kupaza sauti.

"Ndama nilimpa mimi. Mimi Niyibizi. Mahakama imesema. Mwenye la kusema aje kwangu, mimi Niyibizi."

Akalitaja kwa wauza mihogo, akalitaja kwa wauza mawese, akalitaja mlangoni kwa kinyozi, huku shingo imemtoka mishipa. Wale akina mama waliokuwa wakivuta vikapu wakasimama kumtazama. Mmoja akaanza kupiga vigelegele, wa pili akamfuata, na kabla hujakaa sawa gulio zima likawa linapiga vigelegele, hata wasiojua kisa chenyewe. Esteri alikuwa nyuma ya mkwewe kwa hatua chache, kama inavyotakiwa, uso umelowa machozi na shingo imenyooka. Alikuwa anatembea katikati ya barabara. Jumatatu angeingia wodini, Sista Claudine alikwisha kupigiwa simu na gauni la kazi alishamwekea, na wazazi watatu walikuwa wamelazwa wakimngoja.

Walipofika kwenye duka la Shamsi, muuza nguo, mtu wa utani aliyekuwa akimjua Esteri tangu zamani, yeye akatoka mlangoni na tepu shingoni, akaweka mkono sikioni kama kiziwi. Akauliza ni nini kelele hizi, na huyo mzee anasema yeye ni nani.

Watu wakageuka wote kumtazama Esteri. Hata mzee alisimama.

"Masikio unayo, Shamsi," Esteri akamjibu huku akicheka. "Muulize mwenyewe."